Siku Tuliyokwenda Kusikia Jua Likizama

Jua likizama Kizimkazi linalia. Hilo nililiamini kwa moyo wangu wote tangu utotoni mpaka nimeota ndevu na kupata cheti cha skuli ya usiku. Aliyeniambia ni muuza samaki mmoja wa Darajani, mtu aliyekuwa akiapa kwa kila neno, hata akitaja bei ya dagaa. Alisema jua linapogusa bahari ya Kizimkazi hutoa mlio, chwaaa, kama chuma cha mhunzi kinapochovywa majini. Bahari huchemka, na ndiyo maana samaki wa kule hawataki moto mwingi: wanatoka majini nusu washaiva.

Mtanicheka. Nshazoea. Lakini nyinyi nyote mnaonisimamisha barazani, "Baro, hebu tuambie, ilikuwaje siku ile na shemegi yako?", mnapaswa kujua kwamba safari yote mimi nilikuwa na masikio ya kulisikia jua. Bila ya hilo hamtafahamu mwisho wake.

Malindi hadi Bububu

Safari ilikuwa ya dada yangu Zuwena. Mumewe, Seif, fundi wa kushona kanzu, alimuahidi tangu fungate kwamba atamtoa siku moja wakapunge hewa: asubuhi chemchem ya Bububu, mchana ufukweni, jioni Mangapwani kutazama jua likizama. Fungate likapita, Idi zikapita, ahadi ikaota ukungu. Mwisho Zuwena akamwambia, "Seif, hiyo safari unaishona kwa sindano ya mkono?" Ndipo ikakodiwa gari ya Ubwa.

Mimi nilikwenda kwa sababu mama alisema gari ina nafasi na mimi nina maneno. Nilijaribu kuwashawishi tuende Kizimkazi badala ya Mangapwani.

"Kuna nini Kizimkazi?" akauliza Seif.

"Jua la kule linasikika."

"Na hiki ndicho walichokufundisha usiku, kandili ikiwaka?"

Gari ya Ubwa ilikuwa ya rangi ya samli, na ekzosi yake imetoboka. Nasema kweli, tukipita Mtoni kuku walitaga kabla ya siku zao. Ubwa mwenyewe, mtu wa Kiembe Samaki, alishaiendesha miaka mingi hata masikio yake yakawa ya mapambo tu. Ukitaka kumwambia kitu unampiga bega, kisha unapiga kelele. Seif alikaa mbele naye. Nyuma tulikuwa mimi, Zuwena na kikapu: mikate ya kumimina, mayai, na chupa ya chai. Mchele mwaka ule ulikuwa wa foleni, kwa hiyo wali tuliuacha kwenye mazungumzo.

Zuwena aliimba njia nzima. Seif akageuka kumtazama, anatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi ya Idi mapema. Pakumbukeni hapo. Ndiyo mara ya mwisho kutabasamu siku ile.

Chemchem

Maji ya chemchem ile ni baridi ya kung'oa meno. Yanatoka chini ya mizizi, safi, yanasema peke yake. Nilichovya mguu, nikauweka juani, na nadhani mpaka leo haujapata moto sawasawa.

Tulipokuwa tunakunywa akaja mtu aliyekuwa analinda mitambo ya maji, kashika kata ya kifuu. Akamtazama Zuwena, akacheka.

"Zuwena? Zuwena wa chuoni? Alaa!"

"Masoud! Wewe hujafa tu?"

"Nife nimuachie nani maji haya? Mnakwenda wapi?"

"Mangapwani, kutazama jua likizama."

Masoud akapiga kofi. "Jua! Unakumbuka mie na wewe juu ya paa, tukilitazama likizama? Ulinishika shati nisianguke! Litazame leo uniombee dua, kama zamani."

Akaaga, akarudi kwenye mitambo yake. Hakujua kaacha nini nyuma yake.

Niwaeleze, kwa sababu Seif hakutaka kuelezwa. Tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani, mwalimu wetu alikuwa akiwapandisha watoto wawili juu ya paa kila siku ya Ramadhani. Kazi yao ni kulitazama jua mpaka lizame, kisha wapige kelele "Lishatua!" nasi wengine tukimbilie tende. Zuwena na Masoud ndio waliokuwa na macho makali. Chini yao tulikuwa watoto tele, tumekodoa, tunawatukana kwa kuchelewesha jua.

Nilianza kusema hivyo. Seif akaniinulia mkono.

"Juu ya paa," akasema. "Jua linazama. Anashikwa shati."

"Tulikuwa watoto, Seif," akasema Zuwena.

"Na leo? Miezi yote hii unanisumbua, jua, jua. Kumbe jua lenyewe lina mwenyewe!"

"Hebu jisikie unavyosema. Nitalitazama jua, na nikirudi nitakusimulia lilivyokuwa."

Ilikuwa ni mzaha wa hasira, mnamjua dada yangu. Lakini Seif alishawaka. Akasimama mbele yake, maji yanasema nyuma yetu, akatamka:

"Zuwena, ukilitazama jua la leo likizama, umeachika. Talaka tatu."

 

Nilimwona Seif akiufunga mdomo kwa mkono, kachelewa. Fundi cherehani akikosea hufumua, akashona upya. Neno lile halina mfumuo, tena tatu, na sharti lake limo angani, linatembea kuelekea magharibi, wala halimsikilizi mtu.

Zuwena akajifunga buibui lake taratibu. "Umesikia, Baro? Shahidi ni wewe." Akaenda kukaa garini.

Kizim-nini?

Seif alizunguka gari mara kadhaa, kisha akamnong'oneza Ubwa dirishani. Alichonong'ona nilikuja kukijua baadaye. Alitaka twende Kizimbani, kwenye mashamba ya karafuu, ambako hakuna bahari na miti imeshonana. Tukae chini ya mikarafuu mpaka magharibi ipite, jua lisionekane hata kwa mwenye kulitaka. Hila nzuri. Lakini kuna mtu wa kumnong'oneza na kuna Ubwa.

Ubwa akatikisa kichwa. "Naam, naam. Kwanza nipite kwangu kutia petroli."

Tukarudi mjini, tukatokea upande wa pili mpaka Kiembe Samaki, na hapo mlangoni kwake tairi likatoa roho. Pancha. Ubwa akatoa mpira, akautia kwenye beseni la maji kutafuta tundu, akalipata, akaliziba, likafumka, akaziba tena. Mkewe akatuletea muhogo wa nazi na pweza. Seif hakula. Alikaa kizingitini, anatazama kivuli cha mnazi kikirefuka uani.

Mimi nilijaribu kuwapatanisha kwa elimu. "Shemegi, umesema 'ukilitazama', hukusema 'ukiliona'. Kuona ni bahati mbaya. Kutazama ni kukusudia. Tena skuli tumefundishwa, jua halizami. Dunia ndiyo inayozunguka. Sasa kama jua halizami, sharti liko wapi?"

Zuwena akanigeukia. "Kama jua halizami, Baro, hao samaki wa Kizimkazi wanaivishwa na nini?"

Nilikula pweza.

"Na kwa taarifa yenu," akaendelea, anautazama muhogo, si Seif, "macho ni yangu. Jua likifika pale, nitajua mwenyewe la kufanya."

Seif akasema polepole, "Zuwena, mie..."

"Wewe nini, Bwana Seif?"

"Bwana" ni neno ambalo Zuwena alikuwa akiwaita wateja wa mumewe wasiotaka kulipa. 

Tulipoondoka, gari ikashika njia ya Tunguu. Seif ni mtu wa mji. Akishapita Kiembe Samaki mashamba yote kwake ni mamoja. Mimi njia niliijua, na moyo wangu ukaruka: kumbe Seif kalainika, anampeleka mkewe Kizimkazi! Nikajisemea, huyu kweli muungwana. Na masikio yangu nikayaweka tayari.

Kamba ya njiani

Mbele ya Tunguu kulikuwa na kamba imekatiza njia, na vijana wa ulinzi wawili wamekaa kivulini. Miaka ile mnaikumbuka: ukiulizwa swali unajibu moja, na jibu liwe lile lile kwa wote.

Kijana mrefu akainama dirishani. "Mnakwenda wapi?"

"Kizimkazi," akasema Ubwa.

"Kizimbani," akasema Seif. Kwa pamoja, kama waitikiaji wa kaswida.

Kijana akanyooka. "Shukeni."

Tukashuka. Seif alikuwa anamtazama Ubwa kama mtu aliyeshonewa kanzu ya mwenziwe. "Kizimkazi? Nimekwambia Kizimbani!"

"Umesema Kizim!" Ubwa akapiga kelele, maana hiyo ndiyo sauti yake ya kawaida. "Kizim nimeisikia. Kilichobaki nimemalizia mwenyewe!"

"Kizimbani iko nyuma huko," akasema kijana wa pili. "Mtu anayekwenda Kizimbani anafanya nini Tunguu? Na huko Kizimkazi mnafuata nini? Mna chombo kinakungojeni?"

 Watu walikuwa wanavuka usiku kwenda bara bila ruhusa, na waliokamatwa hatukuwa tukiuliza walipo. Kikapu kikapekuliwa. Yai likavunjwa kutazamwa ndani, nasema kweli, yai la kuchemsha.

"Na huyu mwanamke ni wa nani?"

 Nilimtazama Seif. Jua lilikuwa limeshateremka, linatupiga mashavuni kutoka upande.

"Nauliza, mke wa nani?"

"Wangu," akasema Seif. Akalitazama jua. "Mpaka sasa."

"Mpaka sasa ndiyo nini?"

Ikabidi asimulie. Fundi mzima, mbele ya vijana wasiojua hata kufunga kilemba, akasimulia kiapo chake neno kwa neno, anatazama vidole vya miguu. Kijana mrefu alianza kucheka, akaacha. Yule wa pili akamwambia Zuwena, kwa adabu, "Shikamoo. Ni kweli, dada?"

"Marahaba. Kweli."

Walijitenga wakashauriana, muda mrefu, na kila nilipopepesa jicho jua lilikuwa limeshuka shubiri. Mwisho kamba ikalegezwa.

"Geuza gari," Seif akamwambia Ubwa. "Rudi mjini, upesi."

"Kugeuza naweza," akasema Ubwa. "Lakini mjini ni magharibi. Jua litakuwa kwenye kioo, mbele ya pua zetu, mpaka lizame. Kizimkazi kuna nyumba ya binamu yangu, mtu anaweza kuingia ndani."

Huko mbele, bahari. Huku nyuma, kioo. Seif aligeuka kumtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu chemchem.

"Twende Kizimkazi," akasema Zuwena. "Nilitoka nyumbani kutembea."

Kizimkazi

Gari ilikwenda kama inafukuzwa. Kule Jozani miti ilitufunika na Seif akahema kidogo, ikafunguka akashika kichwa. Tulipofika tulipokewa na Bi Mize, mke wa binamu yake Ubwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu wa kijiji cha pili.

"Karibuni! Ingieni ndani, nna samaki jikoni."

"Ingia, Zuwena," akasema Seif upesi. "Ingia ule."

Nikamuuliza Bi Mize kama samaki wao kweli hutoka baharini nusu washaiva. Akanitazama kwa huruma, akamuuliza Ubwa kama njiani nilipigwa na jua.

Zuwena alimshukuru Bi Mize, akaomba maji, akanywa. Kisha akateremka ufukweni peke yake. Mchanga wa pale ni mweupe wa kuumiza macho, na maji yalikuwa yanajaa, hayana haraka. Jua lilikuwa limebaki mkono mmoja juu ya bahari, jekundu, kubwa kuliko sinia la harusi ya watu mia saba.

Akakaa mchangani. Akalielekea.

Seif alitoka mbio, akasimama nusu ya njia. Alikuwa kashika kanga ya Bi Mize, nadhani alikusudia kumfunika. Zuwena akasema bila ya kugeuka:

"Seif, usinifunike. Ukinifunika ni mkono wako uliofanya kazi, si macho yangu."

Mkono ukamwanguka. Akaiacha kanga mchangani, akarudi nyuma ya gari ambako hatumwoni, nami nikabaki baina yao kama kigingi. Niliyaona mabega ya dada yangu na buibui linavyopepea. Macho yake sikuyaona. Yalikuwa wazi? Yamefumbwa? Hakuna aliyejua ila Mungu na bahari.

Jua likagusa maji. Nikazuia pumzi.

Na nikalisikia! Wallahi nililisikia. Mlio mwembamba, wa kukatika, sss, kisha chwaa, kisha sss tena, kama kitu cha moto kinachozimwa kidogo kidogo. Nywele zilinisimama. Likamezwa nusu, likabaki ukucha, mlio ukazidi, kisha likaisha na mlio ukaisha.

Kutoka kijijini ikaja adhana. Zuwena akasimama, akajikung'uta mchanga.

"Twendeni. Magharibi hiyo."

Hakumtazama mtu.

Kurudi

Sijapata kupanda gari yenye kimya kama ile, na ekzosi imetoboka. Seif hakujua kama aliyekaa nyuma yake ni mkewe au ni binti wa watu. Hakuthubutu kugeuka, maana kama ameachika si halali kumtazama hivyo. Bi Mize alikuwa ametufungia samaki kwenye jani la mgomba. Harufu yake ilinitesa mpaka mjini na sikuona haki ya kufungua.

Zuwena alishukia kwa mama. Seif akabaki kizingitini.

"Zuwena. Uliliona?"

"Kesho, kwa mwalimu," akasema, akafunga mlango.

Asubuhi tulikwenda kwa mwalimu wetu wa chuo, yule yule. Seif macho mekundu. Akaeleza yote, paa, Masoud, shati, kiapo. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho.

"Masoud ni mimi niliyempandisha juu ya paa," akasema. "Na shati nilimuamrisha Zuwena alishike, maana mwaka wa kwanza alianguka. Hilo la kwanza. La pili, jambo lililo baina ya mtu na macho yake, neno ni la mwenye macho. Zuwena, ulilitazama jua likizama?"

 

"Nilifumba macho," akasema. "Tangu lilipokuwa juu ya maji mpaka adhana."

"Basi mkeo, Seif. Na ulimi wako utie kifungo."

Seif alilia mbele yetu bila ya haya, na nikadhani safari imekwisha. Nikaanza kuitangaza barazani, nanyi mlinisikia: jinsi nilivyolisikia jua la Kizimkazi kwa masikio haya, na muuza samaki wa Darajani kumbe msema kweli.

Habari ilimfikia Zuwena. Siku moja nikamkuta kwake, anachambua mchicha, Seif yuko cherehani chumba cha mbele.

"Baro, unawaambia watu nini huko?"

"Nililisikia, dada. Wewe ulifumba macho, ndiwe uliyekuwa na masikio zaidi. Hukusikia? Sss, chwaa?"

Akaweka chini mchicha, akapunguza sauti, cherehani lisisikie.

"Nilisikia. Nilikuwa nshachoka naye, Baro. Nilikaa pale nimefumba, nasema nitafumbua likibaki ukucha, niachike nipumzike. Ndipo nikasikia hiyo sauti."

"Si unaona! Jua!"

"Jua halina sauti. Ile ni Seif, alikuwa nyuma ya gari analia."